Mkataba wa Kiwanja na Kibali cha Kusoma Kanada



Ndugu wasomaji, wengi wenu mnajua kwamba kijana wetu wa kwanza yuko Kanada anasoma uhandisi. Kila nikitoka msikitini kuna mzazi ananivuta pembeni na kuniuliza, "Mzee mwenzangu, mlipitia kwa nani?" Leo nawajibu wote pamoja, kwa sababu mara ya kwanza tulikataliwa, na kosa lilikuwa langu.

Chuo kilimkubali mwaka 2024. Kwa ajili ya kibali alihitaji barua ya chuo, barua ya uthibitisho kutoka jimboni, ambayo Kanada ilianza kuidai mwaka huo huo, ushahidi wa pesa, na maelezo yake mwenyewe kwa nini anataka kusoma kule. Tulilipa dola 150 za Kanada kwa maombi na dola 85 kwa alama za vidole na picha. Pesa za kujikimu kwa mwaka mmoja zilikuwa dola 20,635, mbali na ada ya chuo na nauli. Septemba 1, 2025 kiasi hicho kilipandishwa hadi dola 22,895, kwa hiyo kila mzazi aangalie kiwango kilichopo kabla ya kuomba.

Mimi nina duka la vipuri vya magari hapa Biryogo. Pesa hizo sikuwa nazo. Niliuza kiwanja cha Bugesera nilichorithi kwa marehemu baba, na ami yake kijana, anayefanya kazi Oman, akaongeza. Zote ziliingia benki ndani ya wiki moja. Mkataba wa mauzo ulikuwa wa Kinyarwanda, na Kanada wanataka karatasi za Kiingereza au Kifaransa. Nikaona kumlipa mfasiri ni hasara. Nikasema, pesa si zinaonekana kwenye akaunti? Inatosha.

Haikutosha. Jibu lilikuja kwamba ameshindwa kuthibitisha uwezo wake wa kifedha. Pesa zilikuwa halali yetu, lakini kwa afisa asiyetujua zilifanana kabisa na pesa za kuazima.

Kijana alifunga mlango wa chumba chake siku mbili. Siku ya tatu alikuja na wakala mmoja. Yule bwana alikaa sebuleni, akanywa chai yetu, akasema dawa ni barua ya mshahara. Angenitengenezea barua inayoonyesha kwamba mimi ni meneja wa kampuni, pamoja na taarifa za benki za miezi sita. Kijana akaniangalia kwa macho ya kuomba. "Baba, wenzangu wamepita hivyo hivyo."

Nakiri mbele yenu kwamba niliuliza bei.

Mama watoto ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Fomu hiyo ina jina la nani? Sahihi ni ya nani? Baba yake atadanganya, lakini atakayebeba ni mtoto." Na ni kweli. Sheria ya Kanada inamfungia miaka 5 mtu aliyetoa maelezo ya uongo kwenye maombi, hata kama karatasi ilitengenezwa na wakala. Wakala anabaki na pesa zake, mtoto anabaki na doa.

Tukamwaga yule bwana kwa heshima. Chuo kilikubali kumsogezea nafasi hadi muhula uliofuata. Mkataba ukafasiriwa. Ami akatuma barua yake, karatasi za mshahara na taarifa za benki. Mimi nikaandika ukurasa mmoja tu: tarehe niliyouza kiwanja, bei, siku pesa zilipoingia, mapato ya duka, na watoto wangu wangapi bado wako shule. Kijana akaeleza masomo yake na kazi anayotaka kuja kufanya nyumbani. Tukaswali istikhara, tukatuma, tukangoja.

Safari hii alikubaliwa. Lakini jueni kwamba anachopewa mwanafunzi akiwa nyumbani ni visa kwenye pasi na barua ya utambulisho. Kibali chenyewe anakabidhiwa anapofika, baada ya kuonana na afisa.

Usiku huo hatukulala. Alipopiga simu, nilimuuliza kwanza, "Walikuuliza nini?" Akasema, "Waliniuliza nani ananilipia. Nikawaambia baba aliuza kiwanja cha babu, na ami ananisaidia." Nikamuuliza kama aliogopa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana baba. Sikuwa na kitu cha kukariri."

Wazazi wenzangu, kabla ya kumtafuta wakala, tafuteni karatasi zenu wenyewe. Naomba dua zenu kwa kijana wetu na kwa wote walioko safarini.

Wabillahi tawfiq.