Moyo Uliokwenda Mbio

Nataka kukueleza kosa langu. Nakueleza ili wewe usilifanye.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nafundisha kisomo katika vijiji vya pwani ya Kilwa. Katika darasa langu moja alikuwamo mama wa makamo. Mume wake alikuwa mvuvi. Siku moja alikwenda baharini, asirudi. Tangu hapo mama yule alishikwa na huzuni nzito. Hospitali walimwambia kuwa huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Wakampa dawa. Akawa anakuja darasani, akajifunza kuandika jina lake.

Baada ya miezi michache alibadilika. Mkono ulimtetemeka, hata kalamu hakuweza kuishika vizuri. Alitokwa na jasho wakati sisi tunaona baridi ya kusi. Mlango ukigongwa, alishtuka. Usiku hakulala. Alisema moyo unakwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Chakula alikula, lakini alikonda. Wengine walisema ni majini. Wengine walisema ni huzuni ile ile imezidi.

Mimi nilisema neno baya zaidi. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mama, jikaze! Kila mtu ana shida zake." Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia hakuja.

Jumamosi nilikwenda kwake, nikapiga hodi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba mwanangu," alijibu. "Mimi najikaza kila siku. Moyo ndio haunisikii."

Niliona haya. Tukakubaliana twende hospitali pamoja.

Daktari alimwuliza maswali mengi. Alimshika shingo, kisha akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alitueleza hivi.

Mbele ya shingo, chini ya koromeo, kila mtu ana tezi. Umbo lake ni kama kipepeo. Inaitwa tezi ya thairoidi. Tezi hii hutoa homoni zinazoingia katika damu. Homoni hizo huuamuru mwili uende kwa kasi gani. Ifikirie kama utambi wa taa. Ukiupandisha mno, taa hutoa moshi. Ukiushusha mno, mwanga hufifia. Tezi ikizidisha kazi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda, na hofu humjia bila sababu. Tezi ikipunguza kazi, mtu huchoka, huona baridi, hunenepa, hukosa choo, na huweza kuingiwa na huzuni.

Kwa hiyo mtu mwenye sonona akizidiwa na hofu, tusiseme tu kuwa ni mawazo. Pengine tezi nayo inaumwa. Si kila mara. Wengi wenye sonona tezi zao ni nzima. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha.

Tezi ya mama yule ilikuwa inazidisha kazi. Alipewa vidonge vya kuipunguza, akaambiwa arudi kupimwa. Dawa ya sonona aliambiwa aendelee nayo. Wiki nyingi zilipita. Polepole mkono ulitulia na usingizi ukarudi. Huzuni haikuisha yote. Lakini aliniambia, "Sasa naweza kumlilia mume wangu bila kuogopa kwamba na mimi nakufa."

Ndugu msomaji, liko jambo jingine. Tezi hii inahitaji madini joto ili ifanye kazi. Ikiyakosa huweza kuvimba. Uvimbe huo huitwa rovu. Sisi wa Kilwa na Lindi tunatengeneza chumvi wenyewe. Tunadhani kwamba chumvi ikitoka baharini, ina madini joto ya kutosha. Sivyo. Samaki wa baharini wanayo, lakini chumvi ya bahari ina kidogo sana. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi yetu inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Wewe mwenye bwawa la chumvi, yatie. Wewe mnunuzi, uliza kabla ya kununua. Lakini kumbuka kuwa chumvi hiyo ni kinga. Mgonjwa kama mama yule anahitaji daktari.

Mama yule amerudi darasani. Anakaa mstari wa mbele na kalamu yake haitetemeki. Nami siku hizi mwanakisomo asipokuja, simgombi. Kwanza nakwenda kupiga hodi.

Maswali
1. Tezi ya thairoidi iko wapi mwilini?
2. Taja dalili tatu za tezi inayozidisha kazi.
3. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mtu mwenye huzuni na hofu? Jadilianeni jinsi ya kumsaidia.