Kibugu na Asili ya Akiki

Msafiri wa pwani aufikapo mji wa Embu, akashika njia ya kupanda kuelekea Mlima Kenya, hufika Kibugu. Huku joto la Mombasa husahaulika. Asubuhi ni za baridi, chai na kahawa zimetanda miteremkoni, na udongo ni mwekundu mfano wa hina iliyokolea. Udongo huo ni miamba ya volkeno iliyooza kwa mvua na umri, kwani mlima huu wa mita 5,199 ulikuwa ukitapika zaha takriban miaka milioni 3 iliyopita.

Kibugu husifika kwa chai, si kwa vito, wala si kila volkeno huzaa akiki. Hata hivyo, nchi ya namna hii humfunza mtu asili ya kito kinachopamba pete za wazee wetu. Zaha inapopoa, hewa iliyonaswa ndani huacha matundu, kama yale ya vibibi. Maji yaliyoyeyusha silika hupenya humo, yakaacha utando mwembamba ukutani, kisha mwingine juu yake, kutoka nje kuelekea ndani. Chuma huzipa tabaka wekundu na rangi ya kahawia. Nafasi ikibaki katikati, fuwele humea humo. Baadaye mwamba huoza ukawa udongo. Akiki, kwa ugumu wake, husalia.

Mababu zetu waliijua. Shanga za akiki nyekundu kutoka Khambhat, Bara Hindi, zilivuka bahari kwa majahazi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta Kilwa.

Siku hizi vipande vya akiki vilivyokatwa vyembamba huuzwa kuwa mapambo ya sebuleni, na vingi hutoka Brazil. Dada msomaji, ukikiona cha buluu kali au waridi iliyowaka, jua kwamba aghalabu kimetiwa rangi, maana tabaka za akiki zina vitundu visivyoonekana kwa jicho, nazo hunywa rangi. Kukipaka si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi, jambo ambalo dini yetu imelikataza katika biashara. Basi uliza kabla ya kulipa. Na ukipewa cha kijivu au kahawia kisicho na makeke, usikidharau: huenda hiyo ndiyo rangi aliyoiumba Mwenyezi Mungu, tabaka kwa tabaka, gizani mwa jiwe.