Nuni Iliyofunikwa

Kama uliishi Uingereza miaka ya 1980 utaikumbuka ZX Spectrum, kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira iliyotoka mwaka 1982. Yangu ilikuwa ya mtumba, na kioo chake ni televisheni ile ile moja ya nyumbani, aliyokuwa akiitazama Mama. Ikawa ugomvi wa kila jioni.

Mama alisoma chuoni Unguja, na Kiswahili chake akikiandika kwa herufi za Kiarabu. Huku maofisini alihesabiwa hajui kusoma. Fomu zake nilimjazia mimi, mtoto wa miaka kumi na minne, naye akitazama pembeni.

Basi nikataka kumchorea nuni, herufi ya kwanza ya jina lake. Kioo kilikuwa na nukta 256 kwa 192, na kila nukta nane za mlalo ni baiti moja ya kumbukumbu, kuanzia anwani 16384. Ukiitia humo namba 255 kwa amri ya POKE, kijistari kinatokea papo hapo juu kushoto. Usiku ule sikulala!

Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya miraba: 24 ni nukta ya nuni, 66 kuta za bakuli, 60 kitako. Nikazitia katika anwani zinazofuatana, zikajianika juu ya kioo kama nguo kwenye kamba. Kumbe mstari wa chini yake hauko anwani ya pili. Uko 256 mbele. Hilo lilinila siku tatu.

Mama akapita na kikombe cha chai, akasimama.

"Mwanangu, mbona nuni yako imefunikwa kama bakuli lililooshwa?"

Kweli. Amri ya BASIC ya kuweka nukta huhesabu kutoka chini kwenda juu, nami nilishaizoea. Kumbukumbu ya kioo huanzia juu. Nikazigeuza namba. Bakuli likakaa sawa, na nukta yake juu.

Mama akavuta kiti. Televisheni yake hakuidai.

"Haya, sasa nipe mimu."

Nikamwambia aniandikie moja niitazame. Akaichukua kalamu.

"Ipi? Ya mwanzo, ya kati au ya mwisho?"

Sikujua kama ziko tatu. Akaziandika zote kwenye karatasi yangu ya miraba, kutoka kulia, akaanza kunieleza.