Pedali ya Breki Ikizama, Usiondoke

Jumamosi jioni, Tabata, Dar es Salaam, baba mmoja alimaliza kufunga kalipa mpya kwenye gari la familia. Kesho yake watoto walikuwa waende kwa bibi yao, Morogoro. Alipokanyaga breki, pedali ilizama laini kama godoro. Akaipampu mara tatu, ikapanda.

"Itakaa sawa yenyewe barabarani," alisema.

Mkewe, aliyekuwa akimmulikia tochi, alimtazama. "Baba watoto, ukikutana na lori, utapata nafasi ya kukanyaga mara tatu?"

Hakuwa na jibu. Alipofungua mipira ya breki, hewa ilikuwa imeingia. Mafuta ya breki hayabonyei, hewa hubonyea. Nguvu ya mguu huishia kuibana hewa badala ya kufika kwenye magurudumu.

Wakaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Mama alikanyaga na kushikilia. Baba akalegeza skrubu ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na mapovu, yakapita kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa. Alikaza kwanza, ndipo mama akaachia mguu. Wakarudia mpaka mapovu yakaisha, wakahamia gurudumu jingine, huku wakiongeza mafuta mapya ili kikopo kisikauke na kuvuta hewa tena.

Walikuwa wamekubaliana: ikibaki laini, safari inaahirishwa na fundi anaitwa.

Saa nne usiku, pedali ilisimama juu, ngumu, kwa mkanyago mmoja. Mama ndipo akazima tochi.