Bethdei ya Mwezi wa Sita: Keki Sawa, Ndoo ya Maji Hapana (Sehemu ya 4)

 

Leo naongea na wewe mwenye kijana anayetimiza miaka 14, 15 au 16 kwenye miezi hii ya Juni na Julai. Shule zimefunga, na ndani ya nyumba hakuna amani: "Mama, mwaka huu nataka pati." Ukipiga hesabu, sebule haiwezi kubeba vijana 20 wenye miguu mirefu. Basi pati inakuwa uani, chini ya mwembe, viti vya kukodi na spika ya kuazima kwa jirani.

Shida ni baridi. Mtu wa Dar akisikia baridi ya Shinyanga anacheka, lakini sisi tunaoishi huku tunaijua. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikishakatika anga linabaki jeupe, halina wingu la kutufunika. Mchana jua linakuvua sweta. Likizama tu, joto lote linaondoka nalo, upepo unaleta vumbi, na alfajiri nyuzi zinaweza kushuka mpaka 15 au pungufu. Najua Ulaya hiyo hawaiti baridi. Lakini mtoto aliyekulia Kahama, aliyevaa gauni la mikono mifupi kwa ajili ya picha, mwili wake haujui habari za Ulaya.

Kwa vijana wengi yataishia kwenye mafua. Ila kati ya hao wageni 20 wa mwanao, huenda yuko mmoja ambaye kwake baridi ni jambo lingine kabisa. Naongelea mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema.

Mwenzangu, usidhani ni ugonjwa wa nadra. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wengi zaidi. Sababu yake ni malaria. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu haumwi ugonjwa wenyewe, na anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu vizazi na vizazi kwenye sehemu zenye mbu wengi kama kwetu. Lakini baba na mama wakiwa nacho wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto aliyerithi viwili. Huyo ndiye anayeumwa.

Sasa baridi inaingiaje hapo? Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, inapita popote. Ya mwenzetu huyu inaweza kujikunja kama mundu, ikawa ngumu na yenye kunata. Baridi ikimpiga, mishipa midogo ya damu inajibana ili mwili usipoteze joto. Damu inapita polepole, zile chembe zinakwama, na sehemu iliyo mbele yake inakosa hewa. Hapo ndipo maumivu yanapoanza: mifupa ya miguu, mgongo, kifua. Na kama hajanywa maji siku nzima, damu imekuwa nzito na hali inazidi kuwa mbaya. Wakati wa baridi nani anakumbuka kunywa maji?

Halafu sisi Watanzania tuna ule mtindo wetu. Mwenye bethdei lazima aloweshwe! Anavizwa nyuma ya nyumba, anamwagiwa ndoo, wengine wanaongeza unga na mayai. Wanacheka, wanarekodi video. Mwezi wa pili, jua la saa saba, sina neno. Lakini mwezi wa sita, saa moja jioni, upepo ukivuma? Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo inanyonya joto la mwili haraka kuliko kusimama mkavu kwenye baridi hiyohiyo. Nimewahi kumpokea wodini kijana aliyemwagiwa ndoo na rafiki zake jioni, akaletwa saa saba usiku analia mifupa kama mtoto mdogo. Rafiki zake walikuwa wamesimama koridoni, mmoja bado ana unga kichwani. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa hawajui, maana mwenzao alikuwa hajawahi kuwaambia.

Mwaka jana mwanangu wa kiume alitimiza 16, na kwenye orodha yake ya wageni kulikuwa na binti wa darasa lao ambaye namfahamu kupitia kliniki. Nikampigia mama yake kumwalika. Akanijibu kwa upole, "Dada nesi, we andika tu jina lake, ila hatakuja. Mwezi wa sita mimi simtoi mtu nje."

Sikumlaumu. Ukishalala na mtoto wodini mara nne kwa mwaka, hata wewe utafunga mlango. Baba yake yuko Nyarugusu, duarani, anakuja siku akipata na siku nyingine hapokei simu. Usiku wa maumivu mama anabaki peke yake na mtoto na bodaboda. Lakini kesho yake binti mwenyewe alinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake: "Shangazi, mimi sijawahi kulishwa keki kwenye bethdei ya mtu."

Nikarudi kwa mama yake. Sikumwambia asiogope. Nilimuuliza, "Tukiipanga pati namna gani, wewe mwenyewe utakaa na roho ikatulia?" Tukapanga wote wawili. Nakupa mpango wetu, uuchukue kama ulivyo.

Saa. Kadi iliandikwa saa nane mchana mpaka saa kumi na moja na nusu. Keki ilikatwa saa tisa, jua likiwa juu. Vijana wanapenda usiku, lakini pati ya mchana haiharibu utamu, inaharibu giza tu. Na mbu wa jioni hawajapata zamu yao. Mikoa yetu bado ina malaria nyingi, na malaria kwa mwenye selimundu ni hatari kubwa.

Maji ya kumwagiana. Marufuku kwa wote. Zingatia hapo: kwa wote. Sikusema "kwa sababu ya fulani". Ugonjwa wa binti ni siri yake, yeye ndiye mwenye haki ya kuutaja. Mwanangu alilalamika, "Mama, bila maji si bethdei!" Nikamwambia atafute kitu kikavu. Wakakata karatasi za rangi vipande vidogo, wakajaza kwenye mabaluni, wakampasulia kichwani. Kelele zilizidi za ndoo. Kufagia ilikuwa kazi yake.

Nguo. Ujumbe kwa wageni ulisema, "Kila mtu aje na sweta au jaketi." La mtumba linatosha. Nikaweka vitenge na mashuka kwenye kiti kimoja, anayetaka anajifunika bila kuomba.

Vinywaji. Birika la chai ya tangawizi, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na maji ya kunywa ya uvuguvugu mezani. Barafu hatukuweka. Tulichemsha michembe na karanga, maana pilau peke yake haiwashibishi hawa watu. Pombe usiifungie jicho. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kijana anayetaka kuficha kitu mfukoni hakosi. Wanadhani pombe inaleta joto. Inapanua mishipa ya ngozi, unajisikia moto, kumbe joto ndiyo linatoka nje, na maji ya mwili yanapungua.

Michezo. Muziki na kucheza kwa zamu, viti viko karibu. Mashindano ya kukimbia hatukuweka. Anayechoka anakaa na hakuna anayemuuliza.

Moto. Tuliwasha kuni uani, mbali na nguo za nailoni na watoto wadogo. Hapa naomba unisikilize vizuri, mama. Jiko la mkaa linakaa nje, na likianza kufifia linaendelea kukaa nje. Kila msimu wa baridi kuna mtu anayeingiza jiko chumbani ili wasichana waliobaki kulala wapate joto, anafunga dirisha, anazima taa. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Watu wanalala na wengine hawaamki. Mkiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mnaumwa wote kwa pamoja, tokeni nje haraka, kisha hospitali. Kwa joto la usiku tumia blanketi, soksi, na wasichana walale wamebanana.

Na kwa wenzangu wa Geita, Rwamagasa, Mgusu na Mwakitolyo: jiko, kikaango au bati lililotumika kuchomea dhahabu yenye zebaki lisipikiwe chakula hata siku moja, wala wageni wasiote moto wake. Mvuke wa zebaki unaingia kwenye mapafu bila kuuona. Na dumu lililobeba kemikali za machimboni haligeuki kuwa dumu la juisi hata ukiliosha na sabuni mara kumi.

Binti alikuja. Mama yake alikuja naye, akakaa karibu na moto na kikombe chake cha chai, macho hayabanduki kwa mwanae. Saa kumi hivi upepo ulianza. Nikamwona mama ananyanyuka, halafu akakaa tena, maana binti mwenyewe alikuwa ameshaenda kwenye kiti cha vitenge, amechukua kimoja, amejifunga mabegani na amerudi kucheza. Alilishwa keki. Saa kumi na moja na nusu waliondoka.

Sitaki nikudanganye. Mwezi wa nane yule binti alipata maumivu na akalazwa siku tatu, wala hakukuwa na pati yoyote. Selimundu iko hivyo, unaweza kufanya kila kitu sawa na bado ikaja. Mama yake alinipigia kutoka wodini, akaniambia binti anaangalia picha za pati na anaonyesha wagonjwa wenzake.

Sasa dalili za kutokusubiri asubuhi, kwa mtoto mwenye selimundu. Homa ya nyuzi 38 na zaidi. Kifua kuuma au kupumua kwa shida. Kichwa kuuma sana, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea. Macho kuwa ya njano zaidi au weupe wa ghafla. Maumivu yasiyotulia kwa dawa alizopewa kliniki. Na wenye watoto wa kiume, hii wanaificha kwa aibu: uume kusimama kwa maumivu na kukataa kushuka. Ukipita saa nne anaweza kupata madhara ya kudumu. Mwambie leo, akiwa mzima, kwamba siku ikitokea akuamshe hata saa tisa usiku. Maumivu ya kawaida yakianza: mfunike, mnyweshe maji, mpe dawa yake, na usimwekee barafu kamwe.

Kama hujui hali ya mwanao, uliza kuhusu kipimo kwenye kituo chako cha afya. Na tarehe 19 Juni ni Siku ya Selimundu Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Kwetu inaangukia katikati ya baridi. Siku hiyo mpigie mama mmoja unayemjua mwenye mtoto huyu, umuulize swali lile: tukiipanga namna gani utamruhusu aje?

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu foliki asidi, haidroksiyurea na kwa nini kliniki haikosekani hata mtoto akiwa anaruka ruka. Andikeni maswali hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.