Mashua Kubwa, Wavu Mdogo

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini siku hizi, ndugu msomaji, anayekwenda kununua skrini ya kuchezea gemu ana macho yake mawili mazima na bado inafaa aambiwe. Macho huona rangi na ukubwa. Kasi ya skrini ni vigumu kuipima kwa kuitazama rafuni, basi mtu huisoma tu kwenye boksi. Na boksi, kama tujuavyo sote, huandikwa na mwenye kuuza.

Hapa kwetu Muhuru Bay vijana wanaocheza gemu si haba. Jioni, wavuvi wa omena wakingoja giza liingie sawasawa ndipo wasukume mashua, utawakuta wengine wao vibandani, pedi mkononi, wakitandikana mabao kwa shilingi chache. Wazee huona ni upuzi mtupu. Mimi sioni hivyo. Mwaka wa 2018 Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, anayejulikana na wachezaji wa Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni iitwayo XiT Gaming, naye wakati huo alikuwa akisomea sheria. Kwa hivyo binamu yangu na wenzake watatu walipoweka akiba ya msimu mzima wa omena ili wafungue kibanda chao na wajinoe kwa mashindano, sikuwacheka hata kidogo.

Kilichonitia tumbojoto ni kwamba karibu pesa zote walitaka kuzimaliza kwenye skrini moja ya Hz 240. Tena Aprili ilikuwa inabisha hodi, na kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Shilingi ikikuponyoka miezi hiyo, huna ziwa la kuirudisha.

Hiyo Hz ni nini? Waliofika kidato cha tatu wamekutana nayo katika fizikia. Ni hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz, mwanafizikia aliyefariki mwaka wa 1894. Huhesabu jambo linatokea mara ngapi katika sekunde moja. Ndiyo ile ile inayoandikwa Hz 50 kwenye pasi ya stima. Kwa skrini, hesabu hiyo ni mara ngapi picha inachorwa upya. Skrini ya Hz 60 huchora picha moja kila milisekunde 16.7. Ya Hz 144 huchora kila milisekunde 6.9, na ya Hz 240 kila milisekunde 4.2. Hebu toa mwenyewe uone: kutoka 60 hadi 144 umeokoa karibu milisekunde 10, lakini kutoka 144 hadi 240 umeokoa chini ya 3. Bei inapanda mlima huku faida inateremka.

Tulisafiri hadi Migori mjini, mashine yao ya PlayStation 4 ikiwa ndani ya begi langu la shule. Dukani muuzaji alituchangamkia sana. "Hii ya 240 ndiyo yenyewe, boss! Ukicheza kwa hii hakuna mtu atakugusa!" Binamu akatabasamu hadi jino la mwisho. Nikamwomba muuzaji kwa heshima atuachie tuchomeke mashine yetu. Akakubali. Tukaiunganisha na ile skrini ya bei ghali, kisha tukafungua ukurasa wa mipangilio unaoeleza picha inatoka kwa kasi gani. Ikasema takriban Hz 60. Tukaihamishia kwenye skrini ya kawaida iliyokuwa pembeni. Takriban Hz 60 vilevile!

Si kwamba ile skrini ilikuwa mbovu. PlayStation 4, iliyotoka mwaka wa 2013, haipeleki kwenye skrini ya kawaida zaidi ya picha 60 kwa sekunde. PlayStation 5 ya mwaka wa 2020 hufika 120, tena kwa baadhi ya michezo tu. Na hata hiyo Tekken, iwe ya 7 au ya 8, hupiganwa kwa picha 60 kwa sekunde. Mashine ndiyo wavu, na skrini ni mashua. Wavu wako ukivua karai 10 za omena, mashua ya kubeba karai 40 haitakuongezea hata dagaa mmoja. Itarudi ufuoni na nafasi tupu uliyoilipia.

Binamu alinivuta kando. "Omera, hesabu zako ni za darasani. Watu wa bichi nikiwaandikia 240 pale mlangoni, watajaa." Maneno hayo sikuyadharau, kwa maana biashara ni wateja. Lakini nilimuuliza: siku ya pili, mtu akishapigwa mabao matano na akaona skrini ile haikumsaidia kitu, je, atarudi kwa sababu ya namba ya mlangoni? Wenzake wawili wakaguna. Pesa ilikuwa yao pia.

Ndipo tukazungumza kuhusu adui wa kweli, naye ni kuchelewa. Ukibonyeza pedi, unapita muda kabla ya kitendo kuonekana. Runinga nyingi kubwa huchukua picha, zikaipamba na kuilainisha, ndipo zikakuonyesha. Mapambo hayo huweza kuchelewesha kwa milisekunde 50, hata 100. Kumbuka kwamba mtu mwenyewe huhitaji milisekunde 200 hadi 250 hivi ili aone jambo na mkono wake uitike. Ukimwongezea 100 nyingine, umemfunga mguu mmoja kabla ya mbio. Ndiyo maana runinga nyingi zina sehemu ya kuchagua hali ya gemu, ambayo huondoa mapambo hayo. Na ndiyo maana mpaka leo wako wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya mwaka wa 2001, wanaobeba runinga nzito za zamani za kichogo kwenda nazo mashindanoni: karibu hazicheleweshi kitu. Binamu alikuwa akiitafuta haraka, kumbe alihitaji kumkimbia chelewachelewa.

Basi wakanunua monita ya inchi 24 iliyotumika, ya Hz 75, isiyochelewesha. Tuliijaribu palepale kwa mechi mbili. Pesa iliyobaki ikanunua pedi mbili imara na betri ile ya kushikilia mashine stima inapopotea, maana upepo wa ziwa ukivuma huku kwetu, stima huaga bila kwaheri. Nyingine ikarudi kwenye akiba ya miezi ya njaa. Binamu alinuna njia nzima hadi Muhuru, na hadi leo akinitania huniita "Sitini".

Sisemi skrini ya kasi ni ulaghai. Mwenye kompyuta yenye nguvu, anayecheza michezo ya kulenga shabaha kama Counter-Strike 2, ambayo kompyuta hiyo inaweza kuitolea picha 144 au zaidi kwa sekunde, huyo anunue ya Hz 144 na hatajuta. Adui anayechungulia mlangoni atamwona mapema kidogo, na mwendo wa picha utakuwa laini. Ila ahakikishe waya wake unaibeba kasi hiyo. Kisha aingie kwenye mipangilio ya kompyuta aichague mwenyewe, maana wako walionunua ya 144 na mpaka leo inachora 60 kimyakimya. Nilimwambia binamu kwamba siku watakapopata kompyuta ya namna hiyo, nitakuwa wa kwanza kuibeba skrini ya kasi kichwani. Naye amekwisha kuanza kuulizia bei.

Nanyi wenzangu mnaopanga kununua simu likizo ijayo kwa sababu imeandikwa Hz 120, swali ni hilohilo. Gemu unayocheza inafika picha ngapi kwenye simu hiyo? Ikiwa ni 60, hizo nyingine 60 mchezoni hutaziona. Muulize mwenye simu kama hiyo akufungulie gemu yako uione, ndipo utoe pesa mfukoni.