Sehemu ya 4: Viatu vya Zahra

Nimetoka zamu ya asubuhi, miguu inawaka moto, lakini ahadi ni deni. Tuendelee na zile picha zetu za Jumapili.

Kwa mliochelewa: kwetu Jumapili jioni TV ni ya wote wanne. Hakuna katuni, hakuna mpira wa baba, hakuna tamthilia yangu. Tunaweka picha moja, ya zamani au ya nchi ya mbali, tunaangalia pamoja, halafu mimi nakuja hapa kuwapa maoni yangu. Wiki iliyopita ilikuwa The Kid ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921, ambayo haina neno hata moja la kusikika na watoto walicheka mpaka wakakosa pumzi. Leo tuko Iran.

Picha inaitwa Children of Heaven. Ni ya mwaka 1997, imeongozwa na Majid Majidi, na ndiyo picha ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar upande wa picha za lugha za kigeni. Kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi aliihangaikia siku mbili. Alipoipata akaniuliza, "Dada, hii haina hata ngumi moja. Una uhakika?" Nikamwambia weka tu mdogo wangu.

Wanaongea Kiajemi, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi. Sisi tuliokua na mikanda ya Lufufu tunajua kazi hiyo inavyofanywa, unatia na chumvi yako kidogo. Ila hii haikuhitaji chumvi.

Kuna mtoto anaitwa Ali, ana miaka 9. Ametumwa kwa fundi kuchukua viatu vya mdogo wake, Zahra. Njiani anapitia dukani kununua viazi, anauweka ule mfuko wa viatu chini, mtu anayekusanya makorokoro anapita na kuondoka nao. Ndiyo hivyo, viatu vimekwenda. Nyumbani mama anaumwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na baba ni mtu mwema lakini akipandisha sauti chumba kizima kinanyamaza. Watoto wanaamua kutokusema. Zahra anasoma asubuhi na Ali anasoma mchana, basi wanachangia raba moja ya Ali. Dada akitoka shule anakimbia, wanakutana uchochoroni, wanabadilishana, kaka naye anakimbia. Anachelewa tena na tena, mpaka anakuwa kwenye hatari ya kufukuzwa.

Mwanzoni wanangu walilalamika. "Mama, steringi ni huyu mtoto tu?" Lakini kuna sehemu moja wote wawili walinyamaza. Baba na mama wanaongelea shida za hela, na watoto wako humo humo chumbani na madaftari yao. Ungedhani wanafanya kazi za shule. Kumbe wanaandikiana: nitavaa nini kesho shuleni? Usimwambie baba. Yani ugomvi mzima wa viatu unafanyika kwa penseli, mbele ya wazazi, na wazazi hawaoni kitu.

Mdogo, mwenye miaka 6, akasema, "Si waseme tu jamani."

Kaka yake, miaka 9, darasa la tatu, akamjibu bila kugeuza macho, "Hela hakuna. Hujasikia baba yao?"

Mimi nikajua anaongelea picha.

Kuelekea mwisho kuna mashindano ya kukimbia, na zawadi ya mshindi wa tatu ni raba. Ali hataki kuwa wa kwanza wala wa pili, anataka awe wa tatu amletee dada yake viatu. Anakimbia, anaanguka, anainuka, na kwa kuchanganyikiwa anamaliza wa kwanza. Watu wanambeba juu juu, yeye analia. Anarudi nyumbani, anavua raba zilizochakaa, miguu ina malengelenge, anaitumbukiza kwenye kidimbwi cha uani na samaki wadogo wanakuja kuizunguka. Picha inaishia hapo.

Baba watoto akasema, "Ndiyo imeisha? Viatu je?" Nikamkumbusha kwamba tulimwona baba yao akirudi na baiskeli, na viatu vipya viko nyuma. Watoto tu ndio hawajajua. Tukawa tunabishana hivyo, kidogo nasikia mtu anavuta kamasi. Kaka mtu analia. Sio machozi ya muvi, analia kabisa, mabega yanatikisika.

"Baba, una nini?"

Akavua soksi. Mama zangu, joto lote lile mtoto alikuwa amevaa soksi tangu asubuhi, na mimi nesi mzima sikujiuliza. Kwenye unyayo kulikuwa na kitundu kidogo, pembeni pamevimba, pekundu, pana moto, nilipogusa usaha ukatoka. Alikanyaga msumari karibu na shule, siku tatu nyuma. Ulipita kwenye soli ya kiatu iliyokuwa imeshalika.

Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Ulisema mwezi huu hutaki kusikia mtu anataka kitu."

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema jikoni Jumatano, nikimwambia baba yao, baada ya kupiga hesabu ya ada na kodi na kuona haifiki. Sikujua kuna mtu wa darasa la tatu nyuma ya mlango anaandika na kalamu ya moyoni. Akaona akisema mguu, nitaona kiatu, na kiatu ni hela.

Nilimpeleka hospitali usiku ule ule. Kidonda kilisafishwa, akapata sindano ya pepopunda na dawa, sasa anaendelea vizuri. Nawaambia na nyie kabisa: mtoto akichomwa na msumari, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, usimwagie mafuta ya taa, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kitundu ni kidogo kama cha sindano. Kwa nje kidogo, ndani kirefu.

Sasa maoni yangu kuhusu picha. Ni nzuri sana, iangalieni na watoto kuanzia miaka 6 hivi, haina matusi wala mambo ya kuzibana macho. Lakini kuna jambo sikubaliani nalo. Wengi wanamsifia Ali kwa ujasiri wake, na picha yenyewe inaionyesha ile siri kama kitu kitamu, upendo wa kaka na dada. Mimi niko wodi ya watoto. Siri za namna hiyo huwa zinaletwa kwangu zimeshachelewa: aliyeungua na uji akafunika na sweta, aliyemeza sarafu akakaa kimya kwa kuogopa fimbo. Yule baba wa Ali si mbaya hata kidogo. Anavunja sukari ya msikiti na hathubutu kutia punje moja kwenye chai yake. Mwaminifu kiasi hicho, na bado mwanawe anamwogopa kuliko anavyoogopa kufukuzwa shule. Hapo ndipo nilipojiona mimi.

Shida za hela bado zipo, na siwezi kuwadanganya wanangu kwamba hazipo. Ila nilikaa naye kitandani nikamwambia, kiatu kinaweza kusubiri mwisho wa mwezi, mguu hausubiri. Akauliza, "Hata kama nimekosea mimi?" Nikasema hata kama umekosea wewe.

Sasa hivi kabla ya picha ya Jumapili tuna raundi kama ya wodini: kila mtu ananyoosha miguu tunaikagua, baba naye yumo. Mdogo ndiye daktari bingwa.

Wiki ijayo tunakwenda Japani, My Neighbor Totoro ya mwaka 1988. Humo mama ndiye aliyelazwa, na wakubwa ndio wasiosema kila kitu. Nina mengi ya kusema hapo pia.

Na nyie niambieni: mtoto wako aliwahi kukuficha nini, na ulikuja kujuaje? Nitawasoma nikiamka. Usiku mwema.